Vikadi vya Bi Mwatumu

Nchi ya Mwangwini imejengwa juu ya mteremko mmoja mrefu, na yeyote atakayeitazama kutoka ng'ambo ya bonde ataielewa tabia yake kabla hajakutana na mwenyeji hata mmoja. Juu kabisa, penye upepo na misonobari, liko Jumba la Mtajika lenye baraza pana na vipaza sauti kumi na viwili vilivyoelekezwa chini. Katikati ziko ofisi za serikali, nyembamba na ndefu, zimepangwa kama meno. Na kuanzia soko la mji mkuu, Tamshi, hadi kwenye mashamba ya viazi ya bondeni, wanakaa watu wengine wote. Neno likisemwa huko juu hushuka, likapiga kwenye ukuta wa mawe ulio upande wa pili wa bonde, likarudi, na mtu wa chini hulisikia mara tatu hata kama hakulihitaji mara moja.

Ndiyo maana watawala wa nchi hiyo walipenda sana kusema. Mtajika mwenyewe, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeondolewa kwenye matumizi kwa amri, alikuwa ametawala miaka ishirini kwa kuvipa vitu majina mapya. Njaa ilipoingia iliitwa Msimu wa Uvumilivu. Daraja la Mto Kung'u lilipoanguka liliitwa Kivuko cha Mpito, na watu wakavuka kwa kushika mikia ya ng'ombe. Wajumbe wa Baraza lake waliitwa Masikio ya Umma, na masikio walikuwa nayo kweli, makubwa na safi, ila yote yalielekea juu, upande wa Jumba, kama mimea inavyoelekea jua.

Katika mwaka huo wa ishirini Mtajika alipata hamu mpya. Alikuwa ametembelea nchi ya jirani na kuonyeshwa, ndani ya sanduku la kioo, kamusi yenye kingo za dhahabu. Aliporudi alitangaza kwamba Mwangwini nayo itakuwa na Kamusi Kuu, nene kuliko ile ya jirani, na kwamba itazinduliwa siku ya kuadhimisha utawala wake. Ilibaki miezi kumi.

Amri iliteremka hadi Idara ya Maneno, yaani vyumba viwili nyuma ya ghala la chumvi. Mkurugenzi wake, Bwana Sheweji, alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu na aliishi kama mtu aliyebeba yai kiganjani akipita katikati ya ng'ombe. Kazi yenyewe iliangukia mikononi mwa Bi Mwatumu, mkusanyaji mkuu, mwanamke wa miaka hamsini na minne aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Mumewe, Saburi, alikuwa fundi wa saa.

Ni muhimu ieleweke mapema kwamba Mwatumu hakuwa mtu wa mzaha. Wenzake walisema kwamba ukimsimulia utani hacheki. Anakuuliza nani aliusema kwanza, na wapi. Alifundishwa kazi na marehemu Bi Raya, mwanzilishi wa Idara, ambaye alimwachia kanuni moja tu: neno haliandikwi linavyopaswa kuwa, linaandikwa linavyosemwa. Kwa miaka ishirini na sita Mwatumu aliishi ndani ya kanuni hiyo. Alikuwa akienda sokoni, kwenye zahanati, kwenye vibaraza vya mafundi cherehani, kwenye misiba na foleni za mafuta ya taa, akiwa na vikadi vya karatasi ngumu mkobani. Mtu akitumia neno, aliandika sentensi nzima, tarehe, mahali na msemaji. Neno lilipofikisha vikadi kumi na viwili vinavyokubaliana, ndipo alipokaa mezani na kuliandikia maana.

Siku moja sokoni aliinama kuchagua viazi, na muuzaji, mama mnene mwenye kanga ya zambarau, akamzuia mkono.

"Usichukue fungu hilo, dada. Hilo la ahadi."

"La ahadi ndilo lipi?"

"Si unaona juu wamekaa wakubwa, wanang'aa? Ukifika nyumbani ukimenya, ndani maji."

"Mnasema hivyo wote hapa, au wewe peke yako?"

Yule mama aliwageukia wenzake. Wote walisema hivyo. Mmoja akaongeza kwamba hata mtoni, jiwe linaloonekana kavu kumbe linateleza huitwa ahadi. Mwatumu alitoa kikadi, akamwomba jina lake, akaandika. Kilikuwa cha kumi na mbili. Jioni ile aliandika maana: "Ahadi: kitu kizuri upande wa juu." Akaisoma tena, akaona inatosha, akaendelea na neno jingine.

Hivyo ndivyo kamusi ilivyokua. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Kama watu wa Tamshi waliita kikao ile hali ya watu wengi kunywa chai pamoja ili jambo lisifanyike, aliandika hivyo. Kama mama aliyemuuliza mwanawe nani kala nyama, akajibiwa kwamba suala linafanyiwa uchunguzi, alimwambia mwanawe asimfanyie serikali ndani ya nyumba yake, basi neno "uchunguzi" lilipata maana yake humo: "kutafuta kitu mahali ambapo hakipo, kwa sababu pale kilipo pana mwenyewe." Kijiko kilikuwa kijiko, chumvi ilikuwa chumvi, na mvua ilikuwa na aina kumi na nne, zote zimeelezwa kwa upendo. Maneno elfu tisa na mia tatu. Bwana Sheweji aliletewa rundo, akasoma hadi kwenye neno "abiria", akaona wino ni mweusi na mistari imenyooka, akatia sahihi. Angeendelea kurasa tatu tu angekutana na "ahadi".

Siku ya uzinduzi ilikuja na jua kali. Uani kwa Jumba palitandikwa mazulia, wakaketishwa mabalozi wa nchi tatu, na kamusi ikaletwa juu ya mto wa hariri ikibebwa na askari wawili. Vipaza sauti vyote viliwashwa ili wananchi walio chini washiriki furaha bila kuchosha miguu kupanda. Mtajika aliegemea kiti chake, akamwambia Waziri wa Kauli:

"Tusomee neno moja, Lugome. Tusomee 'kiongozi'."

Waziri Lugome alipewa wizara ile kwa sababu ya sauti yake. Ilisemekana anaweza kusoma maandishi ya mfuko wa saruji na watu wakalia. Lakini mtu mwenye sauti ya namna hiyo huzoea kuuacha mdomo utangulie, akili ikifuata nyuma kwa miguu. Akafungua, akavuta pumzi, akasoma:

"Kiongozi. Mtu aendaye mbele ya msafara, ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa, ili vumbi lake liwafikie wengine."

Maneno yalishuka mteremkoni, yakapiga ukuta wa mawe, yakarudi mara ya pili, na ya tatu. Lugome aliitazama karatasi kama mtu aliyeuma kitu ndani ya wali.

"Pana kosa la chapa," alisema, akageuza kurasa haraka. "Tusome jingine. Mwananchi. Mtu ambaye wengine hula kwa niaba yake."

Ndipo likatokea jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu nchi ile ijengwe. Sauti ilipanda. Kwanza ilikuwa kama ngurumo ya mbali, na balozi mmoja akatazama mawingu. Halafu ikawa wazi kwamba ni kicheko, kicheko cha soko zima na cha mashamba, kinapanda taratibu kupita ofisi zilizopangwa kama meno, mpaka kikafika uani na kukaa miongoni mwa wageni kama mtu aliyealikwa.

Mwatumu alikamatwa asubuhi iliyofuata, mezani kwake, akisahihisha neno "zumari" kwa ajili ya toleo la pili. Bwana Sheweji alipohojiwa alisema, "Mimi nilisoma mpaka 'abiria'," na kwa kuwa huo ulikuwa ukweli mtupu, wakamwacha.

Waziri Lugome alimfuata Mwatumu kituo cha polisi yeye mwenyewe. Alikuwa ameisoma kamusi yote, kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amesoma kitu mpaka mwisho, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nani amekutuma?"

"Idara, mheshimiwa. Barua ya kazi ninayo."

"Siulizi barua. Nauliza nani amekupa maneno haya."

Hilo Mwatumu aliliona ni swali la kitaalamu, akachangamka kidogo. "Yapi, mheshimiwa? Kwa mfano 'amani' nimeipata kwa watu kumi na wanane."

"'Ukimya wa mtu aliyekanyagwa na mkubwa wake,'" Lugome alisema. Alikuwa amelishika kwa kichwa. "Kuna watu kumi na wanane wanaosema hivyo?"

"Fundi viatu wa Mtaa wa Kati alimwambia mkewe, 'Leo tule kwa amani.' Mkewe akamjibu, 'Yaani ninyamaze.' Kikadi kipo, na tarehe. Wengine ni namna hiyohiyo. Wewe nyumbani mnalitumiaje?"

Lugome alifunua kamusi mbele yake, akapita ukurasa wa "kikao", pembe ya mdomo ikamtikisika, akakohoa na kuufunika ukurasa kwa kiganja. Kisha akatoa karatasi iliyoandikwa tayari. Ilisema kwamba yeye, Mwatumu, anakiri maana hizi amezitunga kichwani mwake kwa mzaha, na kwamba hakuna mtu yeyote wa Mwangwini aliyewahi kuyatumia maneno hayo kwa namna hiyo.

"Tia sahihi, uende nyumbani leo, na pensheni yako iko palepale," alisema kwa sauti ya chini. "Kamusi tutazichoma na jambo litakwisha. Ukikataa, shitaka ni kueneza maana za uongo. Miaka saba, machimbo ya chokaa ya Mawemeupe. Mama, nakwambia kama ndugu yako. Wanaorudi kutoka huko wanarudi wakikohoa."

Mwatumu aliisoma karatasi mara mbili. "Naomba siku mbili, mheshimiwa."

Siku ya pili mumewe alimletea chapati na kunde. Saburi alikuwa mtu wa maneno machache, sikio lake la kushoto halisikii vizuri, na kwa kuwa kazi yake ilimfundisha kutazama vitu vidogo, aliona mara moja kwamba mkewe hajala tangu jana.

"Mama Zamda," alisema, "tia sahihi. Ni neno moja tu, 'nimetunga'. Watu wanadanganya kila siku na jua linachomoza."

"Na vikadi?"

"Vikadi ni karatasi."

"Ni zaidi ya laki moja, Baba Zamda. Kila kimoja kina mtu. Yule muuza viazi, fundi viatu, yule mama aliyefiwa pale zahanati akaniambia maana ya 'subiri'. Nikiandika kwamba hakuna aliyesema, nimewafuta wote kwa kalamu moja."

"Wao hawatajua."

"Wanajua walichosema."

Saburi alimega chapati, akamwekea kipande mkononi. Walikula, na askari wa mlangoni akageuka upande mwingine ili asionekane anawasikiliza.

"Kuna wateja," Saburi alisema mwishowe, "wananiomba saa zao nizisogeze mbele dakika kumi, ili wasichelewe kazini. Ninawasogezea. Sijawahi kuona hata mmoja ambaye hilo lilimsaidia."

"Kwa hiyo unasemaje?"

"Nasema naogopa hiyo chokaa."

"Hata mimi naogopa," Mwatumu alisema. Akamaliza kunde zote, akalamba kidole, akamrudishia bakuli. Lugome alipokuja jioni alikuta karatasi yake imekunjwa vizuri, haina sahihi. Mwatumu alimweleza kwa upole kwamba mtu akidanganya kwa neno moja katika kamusi, hakuna atakayemwamini tena hata kwenye neno "kijiko", na kwamba miaka ishirini na sita ni mingi mno kuipoteza kwa njia hiyo. Alilia kidogo alipoyasema hayo. Lugome alikaa naye mpaka alipomaliza kulia, jambo ambalo halikuwa katika ratiba yake.

Kesi ilipelekwa kwa Jaji Tindwa. Alikuwa mtu mdogo wa mwili, aliyedumu kwenye kiti chake miaka kumi na saba kwa kutotoa hukumu yoyote ambayo haikuwa imeandikwa tayari mahali fulani. Baraza lilimchagua kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo likaharibikiwa. Aliisoma hati ya mashtaka akifuatisha mistari kwa kidole, akafika mwisho, akavua miwani.

"Mshtakiwa anashitakiwa kwa kutoa maana za uongo za maneno manne: 'kiongozi', 'ahadi', 'amani' na 'tume'," alisema. "Sheria inanitaka niuweke uongo kando ya ukweli ili nilinganishe. Uongo ninao hapa. Ukweli uko wapi?"

Waziri Lugome, aliyesimama kwa niaba ya serikali, alisema ukweli unafahamika na kila mtu.

"Basi haitakuwa kazi kuuandika. Nileteeni baada ya siku tatu."

Baraza la Masikio likaketi. Mambo ya humo ndani yalikuja kujulikana kupitia kwa wapishi. Walianza na "kiongozi", wakidhani ni rahisi. Mjumbe mmoja alipendekeza "mtu aliyechaguliwa na watu", na wote wakautazama mlango. Mwingine akasema "mtu ajuaye njia", lakini mjumbe wa Mto Kung'u akaomba neno "njia" lisitajwe kabisa kwa kuwa litakumbusha daraja. "Mtu anayependwa" lilikaa mezani karibu saa nzima, mpaka mzee mmoja akauliza ni nani aliyepima. Kila maana waliyoijaribu ilikuwa kama nguo iliyoshonwa kwa ajili ya mtu mwingine: ukimvisha Mtajika inapwaya, na hakuna aliyetaka kuwa mshonaji. Siku ya kwanza iliisha. Siku ya pili waliingia kwenye "amani", na mambo yakawa mabaya zaidi.

Siku ya tatu mahakama ilijaa. Watu wa chini walikuwa wamepanda tangu alfajiri, wengi wao kwa mara ya kwanza, wakishangaa jinsi ofisi zilivyo nyembamba ukiziona kwa karibu. Muuza viazi alikuwepo na kanga yake ya zambarau. Saburi aliketi mbele, sikio zima limeelekezwa kwa Jaji. Mwatumu aliingizwa akiwa amepungua mwili, akasimama kizimbani ameshika mbao kwa mikono miwili.

"Serikali imeleta ukweli?" Jaji aliuliza.

Lugome alisimama na karatasi. Alisoma polepole, akili ikiwa imeutangulia mdomo safari hii, na ilionekana inamuumiza.

"Kiongozi: angalia Mtajika."

"Na Mtajika?"

"Mtajika: angalia kiongozi."

Jaji aliandika. "Endelea."

"Ahadi: jambo linaloendelea kushughulikiwa. Amani: hali iliyopo."

"Bado moja."

Lugome aliigeuza karatasi. Upande wa nyuma hapakuwa na kitu. Aliigeuza tena, akavuta ukosi wa shati.

"Kuhusu neno 'tume', Mheshimiwa Jaji, wajumbe hawakuafikiana," alisema. "Baraza limeunda tume."

Jaji Tindwa, ambaye utaratibu ulimtaka uongo usomwe kando ya ukweli, alimwashiria karani, naye karani akasimama na kusoma kwenye Kamusi Kuu kwa sauti kavu ya kazini: "Tume: chombo cha kuhifadhia jambo mpaka watu wasahau harufu yake."

Askari aliyemlinda Mwatumu ndiye aliyeanza, kwa kikohozi. Muuza viazi akamfuata, halafu safu nzima ya nyuma, halafu waliokuwa madirishani, mpaka kuta zikarudisha sauti. Kicheko hicho hakikuwa na hasira ndani yake; kilikuwa cha watu waliobeba mzigo mzito mwendo mrefu na sasa wameutua kwa pamoja. Jaji alijifunika uso kwa jalada la kesi na mabega yake yakaonekana yanacheza. Mtu pekee ambaye hakucheka alikuwa Mwatumu. Alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, naomba kikadi."

"Cha nini, mama?"

"Neno limetumika hapa, mbele ya mashahidi, na msemaji ni mtu mwenye elimu na cheo. Ushahidi wa namna hii sikuwa nao. Wangu wote ni watu wa sokoni."

Alipewa karatasi. Wakati anaandika, Jaji alipangusa macho na kupekua kitabu cha sheria, akapata alichokitafuta, na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyekanyaga ardhi baada ya matope. Alitamka kwamba mahakama haiwezi kuamua kama maana ni ya uongo kabla ukweli haujawasilishwa wote. Kwamba shauri linaahirishwa mpaka tume itakapoleta matokeo yake. Kwamba mpaka hapo mshtakiwa aende nyumbani kwake na kazini kwake. Na kwamba nakala zote za kamusi zitunzwe salama, kwa kuwa ni kielelezo, na kielelezo hakichomwi.

Mwatumu hakuelewa mara moja. Saburi alilazimika kumshika mkono na kumwambia, "Twende." Walitoka wakapita katikati ya watu waliowapisha bila kelele, wakaanza kuteremka. Walipofika karibu na kiwanda cha ngano waliketi kwenye ngazi ya duka la mtu, Saburi akanunua mahindi mawili ya kuchoma, wakala. Jua lilikuwa la saa nane na lilimchoma mabegani, naye akaona raha, akamwambia mumewe kwamba hajui neno la ile hali ya mtu kuwa bado anaogopa lakini mwili umekwisha kufurahi.

"Halipo?" Saburi aliuliza.

"Sijalisikia."

"Basi kaa, tule."

Tume ile ipo mpaka leo. Ina mwenyekiti, katibu na muhuri, na inasemekana inakutana. Kamusi elfu mbili zilihifadhiwa kwenye ghala la mahakama, ambapo walinzi, wasio na kazi nyingine, walisomeana kwa sauti wakati wa chakula cha mchana, na waliopita njiani walisimama kusikiliza, na baadaye wakaja na madaftari. Mtajika aliendelea kuhutubia, lakini hotuba zake zikaanza kufupika. Kila alipotamka neno kubwa, sauti yake ilishuka, ikagonga ukuta, na pamoja na mwangwi kikapanda kitu kingine, si kikali, kama watu waliokumbushana jambo. Alijaribu kutumia maneno madogo tu. Ikaonekana kwamba kwa maneno madogo hakuwa na la kusema.

Waziri Lugome alifukuzwa kwa tangazo la redio, akiwa mezani anakula.

Miezi minne baadaye, siku ya mvua ile ambayo kamusi inaiita "ya kunong'ona", Mwatumu alisikia mlango wa Idara ukigongwa. Alikuwa Lugome, peke yake, kwa miguu, kofia imelowa. Alisimama kizingitini akizitazama zile droo za vikadi zilizopangwa hadi darini.

"Hodi. Hapa mnapokea maneno?"

"Karibu. Tunapokea."

"Ninalo moja. 'Aliyekuwa'."

Mwatumu alichukua kikadi. "Linatumikaje?"

"Mtu ambaye mlango wake umeacha kugongwa."

Kalamu ilisita. Kulikuwa na watu waliosema kwamba Lugome anatafuta njia ya kurudi mlimani, na kwamba mtu wa namna hiyo haendi mahali bure. Kwenye mfuko wa koti lake ilionekana ncha ya daftari lenye jalada la kijani, la aina inayotolewa na serikali. Mwatumu aliliona daftari, akautazama na uso wake, ambao ulikuwa umenyolewa vibaya upande mmoja, na hakuweza kujua kama ametumwa au amekuja mwenyewe.

"Umelisikia kwa nani?" aliuliza, kama alivyomuuliza kila mtu.

"Kwangu mwenyewe. Nyumbani, juzi asubuhi."

Aliandika tarehe. Aliandika mahali. Kwenye nafasi ya msemaji, kwa kuwa hakuwa ameombwa kumtaja wala kumficha, aliandika: mwanamume, mtu mzima, asikika vizuri. Kisha akakiweka kikadi kwenye droo yake, cha kwanza, peke yake, akamsogezea mgeni kigoda.

"Bado kumi na moja," alisema. "Una jingine?"

Lugome alivua kofia, akaikung'uta maji nje ya mlango, akaingia, akakaa.

"Ninayo mengi, mama," alisema, na sauti yake, bila vipaza, ilikuwa ndogo tu kama ya mtu mwingine yeyote.